Mpira wa Chini ya Mlango

Saa nne asubuhi sokoni Makoroboi hapakanyagiki. Mitumba imetandazwa hadi katikati ya njia na spika tatu zinagombana: ya kwanza inauza chaja, ya pili viatu, ya tatu hata mwenyewe sidhani kama anajua inauza nini. Katika zogo hilo kijana mmoja mrefu, fulana nyeusi, hedifoni shingoni, aliingia dukani kwa Mzee Khalidi muuza magodoro, akasimama katikati ya marundo ya sponji, akafumba macho na kupiga kofi.

Paa!

Akasikiliza. Akapiga la pili.

"Kaka, hapa hatufugi majini. Ukitaka kitu, sema tu," ilisema sauti nyuma ya rundo.

Akatokea Shamsa, mtoto wa kaka yake Mzee Khalidi, mkata sponji wa duka lile. Alivaa dira la zambarau na mtandio wa njano aliofungia kisogoni. Mkono wa kulia ulikuwa na bangili tatu za fedha na kisu kirefu. Chembe za sponji zilikuwa zimemtua kwenye nyusi kama mtu aliyetoka mashineni kusaga unga.

"Samahani, dada. Nilikuwa napima mwangwi."

"Umeupata?"

"Haupo kabisa. Ningeweza kuhamia hapa."

Jina lake lilikuwa Lukman. Alipanga vyumba viwili kule Mabatini. Kimoja alilala, cha pili alirekodi matangazo ya wauzaji wa mtaani, yale yanayozungushwa kwenye spika kutwa nzima. Sauti ya kutangazia alikuwa nayo. Chumba ndicho kilichomuangusha.

"Kila ninachorekodi kinatoka kama mtu kaongelea ndani ya tenki la maji," alisema. "Jana Venant, muuza dawa ya panya, amenirudishia kazi. Anasema panya wenyewe watacheka."

Shamsa alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Umebandika trei za mayai ukutani?"

"Umejuaje?"

"Wote mnaanza na trei. Njoo."

Akampitisha kwenye marundo. Sponji moja aliibonyeza kwa dole gumba, ikalala bila kuinuka upesi. "Hii imechoka hata kabla ya kununuliwa." Akamwonyesha nyingine, ngumu, ya makochi. "Hii vitundu vyake vimefunga. Sauti itagonga, itarudi. Hebu weka mdomo hapa, upulize."

Lukman alipuliza. Shamsa alikuwa ameweka kiganja upande wa pili. "Hakuna kitu," akasema. Wakajaribu ya kijivu, nene kama matofali mawili. Lukman akavuta pumzi na kupuliza, na pumzi ile ikapita, ikamfikia Shamsa kiganjani, ya uvuguvugu. Muuzaji hahitaji muda mrefu kujua kama pumzi imepita. Shamsa aliacha kiganja pale kupita kiasi, na wote wawili walijua.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema, akitazama pembeni. "Pumzi ikipita, sauti nayo itaingia na kupotelea humohumo."

"Na majirani hawatanisikia tena?"

"Watakusikia vilevile. Sponji inakula mwangwi wa ndani, haizuii sauti kutoka wala kuingia. Kuna mchungaji mmoja alipigilia sponji ukumbi mzima ili majirani wasisikie mkesha wake. Majirani wanaitikia pambio mpaka leo. Wewe ukitaka kuzuia sauti, anza na mlango. Uzibe kwa mpira pale chini."

"Sawa, dada," alisema Lukman, ile sawa ya mtu ambaye masikio yake yapo na akili imebaki kwenye bangili.

Jumapili Shamsa alikwenda Mabatini na mafungu ya sponji. Mzee Khalidi alimruhusu kwa sababu vipande vilihitaji kupunguzwa palepale, na kwa sababu alikuwa amemwona mtoto wa kaka yake akiimba dukani kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani. Mwenye nyumba alikataza gundi ukutani, hivyo walibandika sponji kwenye fremu za mbao, wakazitundika kwa misumari kama picha.

Pa kuzitundika Lukman alipajua. "Toa kioo chako cha kwenye pochi," alisema. Akamwambia akishike ukutani, yeye akaketi kwenye kiti chake cha kazi. "Kisogeze polepole. Nikiiona spika yangu ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga kabla ya kunifikia. Hapo tunatundika."

"Unaiona?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado. Namwona dada mmoja ana sponji kwenye nyusi."

"Lukman, mkono unaniuma!"

"Basi nimeiona. Niliiona tangu zamani."

Alirushiwa kipande cha sponji usoni. Ndivyo walivyomaliza fremu nane, nene zikawekwa kwenye kona ambako sauti nzito hujikusanya. Lukman alitaka kufunika mpaka dari, Shamsa akakataa. "Ukila sauti yote, mtu akiingia humu atadhani amezikwa. Acha na ukuta upumue."

Walijaribu chumba kwa tangazo la duka. Shamsa alisogea kwenye maiki, akasema: "Sponji, magodoro, mito! Ingia kwa Mzee Khalidi, ubonyeze mwenyewe, uchague mwenyewe!" Kisha akacheka, na Lukman akamvisha hedifoni ajisikie. Sauti ilitoka tupu, karibu, kila pumzi inasikika.

"Kumbe ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo. Chumba chenye mwangwi humpamba mtu. Hiki hakimpambi mtu yeyote."

Shamsa alipokuwa akivaa viatu aliinama, akapitisha vidole chini ya mlango. Vilipita vinne bila kugusa mbao. "Na huku?"

"Wiki ijayo, mrembo."

Mapenzi yao sitayarefusha. Kila mtu aliyewahi kupenda anajua simu inavyogeuka kuwa kiungo cha mwili. Saa saba mchana, Lukman alipiga. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Wewe umekuwa daktari?" Saa kumi Shamsa alipiga. "Nimesikia tangazo lako la dawa ya panya." "Limekaaje?" "Nimemwonea huruma panya." Jumamosi walikwenda Kamanga, wakakaa wanatazama feri ikipakia magari, wakala kwa mikono sato wa kukaanga. Upepo wa ziwa ulimvua Shamsa mtandio mara mbili, na mara zote mbili Lukman akaudaka.

Ni hukohuko Kamanga Shamsa alimweleza. Alikuwa ameolewa Kahama mwaka mmoja, miaka minne iliyopita. Yule mume hakumtambulisha kwa ndugu hata mmoja. Wageni wakija, mume husema, "Huyu ni mgeni wetu," naye huyohuyo mgeni ndiye aliyewapikia. Siku alipouliza kwa nini, alirudishwa kwao na sanduku lake.

"Sitaki makubwa, Lukman," alisema, mwiba wa samaki mkononi. "Nataka mtu atakayenitaja nikiwa sipo."

"Mimi nitakutaja mpaka wakuchoke, laazizi."

Mwezi wa nne wa mapenzi yao mambo yakabana. Mzee Ally, mfanyabiashara wa Geita aliyefiwa na mkewe, alileta posa kwa Mzee Khalidi, na aliileta kwa heshima, pamoja na ndugu zake, amevaa kobazi nzuri na kanzu iliyopigwa pasi. Shamsa aliomba apewe hadi Ijumaa. Baba yake mdogo alimwelewa. "Kama huyo wa Mabatini anakutaka," alisema, "amwambie mama yake, walete wazee wao. Sitamngoja mtu anayekuja kwangu kwa simu yako."

Shida ilikuwa huyo mama. Bi Mwaija aliishi Misungwi, mdomo wake unajulikana sokoni hadi stendi, na alishatamka kwamba mwanawe hataoa mwanamke aliyemzidi umri, sembuse mtalaka. Shamsa alikuwa yote mawili. Lukman, kijana aliyetangaza dawa ya panya mpaka Kisesa, alimwogopa mama yake kama alivyomwogopa akiwa darasa la pili.

"Jumanne nitamwambia," aliahidi. "Naapa. Jumanne."

Jumanne saa tano Shamsa alifunga kisu chake kitambaani, akavaa baibui jipya na mtandio ule wa njano, akapita kwa fundi viatu kununua utepe wa mpira mweusi. Alikuwa amechoka kusubiri wiki ijayo, ataupigilia mwenyewe. Alipofika kwenye mlango wa studio alibisha, bangili zikalia. "Hodi! Hodi humu!" Hakujibiwa. Ndani, Lukman alikuwa katikati ya kurekodi tangazo jipya la Venant: sikio moja limefunikwa na hedifoni, la pili limebanwa na simu. Maiki alikuwa ameisahau, inaendelea kunasa.

"Shikamoo, mama," Shamsa alimsikia akisema.

Alitabasamu. Leo si Jumanne? Mtu wake ametimiza ahadi. Hakubisha tena. Aliegemea fremu ya mlango kama mtu anayesikiliza wimbo aliouomba redioni, na sauti ya Lukman ikapita chini ya mlango ikiwa safi, bila mwangwi hata kidogo.

"Nani kakwambia, mama? ... Shamsa? Aa. Yule ni muuza sponji tu. Alikuja kunifungia sponji, basi. ... Hapana, mama. Hakuna kitu. ... Mimi mtalaka wa nini? Kwani wasichana wameisha? ... Ndiyo. Jumapili nakuja, nimwone huyo wa kwako."

Shamsa hakulia pale. Aliukunja ule mpira vizuri, akauweka kizingitini, akashuka njia ya mawe ya Mabatini taratibu, akiwaamkia wazee aliokutana nao njiani kwa sauti yake ya kila siku.

Lukman alipofungua mlango aliuona mpira, akafurahi. Ndiyo, alifurahi, maskini! Akapiga simu, ikaita hadi ikakatika. Akatuma ujumbe: "Laazizi, nimeuona mpira. Mbona hukuingia?" Jumatano akapiga mara sita. Alhamisi akajiambia duka lina wateja wengi. Na ule uongo aliomwambia mama yake? Hakuuita uongo. Aliuita kumtuliza mzazi mpaka Jumapili, atakapomweleza ana kwa ana. Mwoga hakosi kalenda.

Ijumaa asubuhi aliketi kusafisha sauti ya tangazo la Venant. Akaifungua yote tangu mwanzo, akavaa hedifoni. "Panya, mende, kunguni! Usilale na wapangaji wasiolipa!" Vizuri. Kisha mlio wa simu, ambao alisahau kuukata. Akanyoosha kidole aufute.

Kabla ya mlio huo kwisha alisikia bangili.

Akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Bangili tatu, mbali kidogo, upande wa mlango. Halafu: "Hodi! Hodi humu!" Halafu sauti yake mwenyewe, kubwa, ya karibu, inamwamkia mama. Lukman alisikiliza yote hadi mwisho. Hakuwa na pa kukimbilia. Alikisifia chumba kile kwamba hakimpambi mtu, nacho kweli hakikumpamba. Hakusita popote. Alimkana Shamsa kwa sauti ileile tamu ya kuuzia dawa ya panya. Mwishoni kabisa, baada ya "nimwone huyo wa kwako," zilisikika bangili tena, mara moja tu, za mtu anayeinama.

Alikimbia. Miguuni alikuwa na kandambili za chumbani.

Alimkuta Shamsa nyuma ya rundo lake, anakata. Mzee Khalidi alimtazama kijana miguu hadi kichwa, akachukua kofia yake na kutoka nje.

"Shamsa. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Ulikuwa mlangoni."

Kisu kilisimama. "Umechukua siku tatu kuisikia hodi yangu."

"Nilimdanganya mama. Wallahi nilimdanganya, nimtulize tu..."

"Ukidanganya huwa unakohoa kidogo kwanza, Lukman. Nimekaa na sauti yako miezi minne. Siku ile hukukohoa."

Asubuhi hiyohiyo naye alikuwa amekitafuta kikohozi hicho na hakukipata. Alitoa simu, akapiga Misungwi na kufungua spika.

"Mama, shikamoo. Jumanne nilikuongopea. Shamsa si muuza sponji tu. Ni mwanamke ninayetaka kumwoa. Ameachika, ndiyo, na amenizidi miaka mitatu, na ninampenda."

Upande wa pili walisikia kuku wa Bi Mwaija wakilia.

"Yupo hapo?" mama aliuliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Shamsa alifuta mkono kwenye dira. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Mimi nina mdomo, nani asiyejua? Ningegomba wiki nzima. Nisingekula, ningenuna, ningemwita mjomba wake. Wiki ya pili ningeanza kutafuta kanga ya kuvaa nije kwenu. Huyo mwanangu ananijua hivyo tangu mdogo. Sasa kwa nini hakuniacha nigombe?"

Hapo ndipo Shamsa alipolia. Alilia waziwazi, mdomo wazi, machozi yanadondokea sponji na kuzama humohumo. "Hata mimi najiuliza, mama," alisema. "Najiuliza tangu Jumanne."

Alimrudishia Lukman simu ikiwa imekatwa.

"Umesikia!" Lukman alimshika mikono. "Mama hana neno. Leo bado Ijumaa, Shamsa. Nakwenda kwa baba mdogo sasa hivi, hapohapo nje..."

"Nilimjibu baba mdogo Jumatano. Alhamisi alimpigia Mzee Ally. Wameshapanga siku."

"Neno linarudishwa."

"Linarudishwa, na mimi narudi nyumbani kwa mara ya pili, watu wanasema huyu hakai. Hapana, Lukman. Nimesharudishwa mara moja, inatosha."

"Unampenda?"

"Alikuja na watu kumi na wawili, akanitaja mbele yao kwa jina langu na la baba yangu, mimi nikiwa jikoni sionekani."

"Nimekuuliza kama unampenda."

"Nakupenda wewe, mpumbavu wee!" Shamsa alijitoa mikononi mwake. "Nakupenda, na leo umenitaja vizuri sana, mpaka mama yako ameniita mwanangu kwenye simu. Lakini leo nipo. Nimesimama mbele yako na kisu. Wakati sipo, mimi ni muuza sponji tu. Na sehemu kubwa ya maisha ya mke, Lukman, mume yuko nje na mke hayupo hapo."

Adhana ya Ijumaa ikaanza, msikiti mmoja ukaupokea mwingine, na spika za Makoroboi zikazimwa moja baada ya nyingine. Shamsa alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nenda ukaswali," alisema kwa upole. "Na ubadili viatu."

Harusi ilikuwa ndogo. Magari matatu yalimchukua Shamsa alasiri, yakapita Usagara, yakavuka daraja la Busisi kuelekea Geita, naye akiwa kiti cha nyuma ameegemeza kichwa kwenye kioo, bangili sita sasa badala ya tatu. Mzee Ally ni mtu mwema. Humtambulisha kwa kila mgeni, naye Shamsa kila akitambulishwa hutabasamu na kuinamisha macho kidogo, wageni hudhani ni haya.

Tangazo la duka, lile la sauti ya Shamsa, Mzee Khalidi hakulibadili. Ukipita Makoroboi utalisikia, tangu asubuhi hadi jioni: ubonyeze mwenyewe, uchague mwenyewe. Lukman hapiti. Akiwa na shida mjini huzungukia mtaa wa nyuma, jua kali au mvua.

Wiki iliyopita Venant alikuja kurekodi dawa mpya ya mende. Alipokuwa anasubiri aliona utepe wa mpira mweusi umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, bado umekunjwa vizuri vilevile.

"Aisee, Luku, wateja tunalalamika. Kazi yangu ya mwisho imeingia na jogoo wa jirani. Mpira unao, nyundo unayo, mlango huo hapo. Si uzibe?"

"Wiki ijayo," alisema Lukman.

"Mwaka mzima wiki ijayo?"

Lukman alisogeza kiti kwenye maiki, akavaa hedifoni. Siku hizi huivaa upande mmoja tu. Sikio la upande wa mlango huliacha wazi.